Bokilo, Vipande Nane

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Ujumbe kutoka mtaa wa Mangobo. Rosine anasema mama yake amesema Jumapili hii ndiyo ya mwisho. Familia itakaa, itakula, itaamua. Wakinikataa, nisirudi tena na maua yangu ya plastiki. Miaka minne namchumbia Rosine! Miaka minne!

Chakula nilete mimi. Ndiyo sharti. Mama anataka kuona kama mwanamume wa fotokopi anaweza kulisha watu.

Na Papy atakuwepo, bila shaka. Papy ni mume wa Chantal, dada mkubwa wa Rosine. Ana baleinière, mashua ndefu ya mbao yenye mota, inayokwenda Yanonge na kurudi. Kila akija ukweni anakuja na samaki capitaine, mkubwa, anambeba begani ili mtaa mzima uone. Nikileta samaki, nimeshindwa. Nikileta kuku, nimeshindwa. Pondu, majani ya muhogo, wanayo wenyewe nyuma ya nyumba.

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata kwa furaha. Pizza! Pizza nane, kubwa, kutoka mkahawa wa Mahmoudi hapa Makiso, ziletwe mpaka mlangoni mbele ya majirani. Papy avue pizza mtoni kama anaweza!

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Mahmoudi. Mkahawa safi, tanuri la matofali, meza sita. Menyu yake imechakaa, imelowa mafuta, wateja wanaisoma kwa kukisia. Mimi nina duka la kuchapa na fotokopi. Nikamwambia: nikuchapie menyu mpya mia moja, wewe unipe pizza nane Jumapili. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. Nilipaswa kudai kumi.

Ametaka jambo moja tu. Menyu ya zamani ni ya Kifaransa, na watu wanaona haya kuuliza. "Andika ku Swahili yetu, watu basikie," akasema. Hakuna shida. Mimi ni fundi.

Akanipa menyu ya zamani kwenye flashi. Nimeifungua dukani. Pizza ya kwanza kabisa kwenye orodha, ile ya nyanya na jibini tu, inaitwa Marg...

La. Mkono umekataa, hata hapa kwenye daftari langu mwenyewe.

Ni jina la mama yake Rosine! Jina lake lote, la ubatizo, herufi kwa herufi. Na sisi watu wa mtoni, jina la mama mkwe halitajwi. Si kwa utani, si kwa bahati mbaya. Unamwita bokilo, yaani mkwe kwa Lingala, basi, imetosha. Najua bado sijaoa. Lakini adabu haingoji harusi.

Nimefunga duka nikaenda kunywa chai. 

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Nimepata dawa. Nimeifundisha kompyuta: kila maandishi yanayoingia humu, ikikutana na jina lile, ilifute yenyewe na kuandika Bokilo. Jina sikulichapa. Nililivuta kwa kipanya kutoka menyu ya zamani, jicho moja nimelifumba. Mikono yangu ni safi.

Kisha nikatafsiri maelezo. Nayaandika hapa kwa sababu nayaonea fahari:

"BOKILO. Iko ya bei ya chini kupita zote. Iko munene, ya kuzunguka, haina nyama. Iko na chumvi mingi. Inakatwa vipande munane. Ikibakia ya jana, inarudishwa ku moto."

Fupi, wazi, kila mtu ataelewa. Mahmoudi amefurahi sana.

Kasoro moja ndogo. Mashine yangu, inayochapa na kutoa fotokopi, inaacha mstari mweusi upande wa kushoto wa kila karatasi. Miaka miwili sasa. Wateja wamezoea. Wengine wanadhani ni urembo.

Kwa kuwa mashine ilikuwa tayari ina moto, nikachapa na barua moja zaidi. Inatoka kwa Umoja wa Wenye Baleinière wa Mto wa Juu. Umoja huo haupo, nimeuunda mimi saa tano asubuhi. Unamwalika Papy kwenye mkutano muhimu sana Ubundu, siku ya Jumapili, bila kukosa. Nimepiga muhuri wa duka langu kwa kuugeuza juu chini, hausomeki. Ubundu ni mbali, njia ni mbovu. Akienda, hatarudi kabla ya Jumanne.

Najishangaa mwenyewe. Akili kama hii inafanya nini kwenye fotokopi?

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Asubuhi ya matusi. Mama Benie amekuja, yule anayeongoza kwaya kubwa ya parokia. Jana alileta flashi nimchapie programu ya nyimbo. Nilichapa bila kusoma, kazi ilikuwa nyingi. Kwaya yake inaitwa kwa jina la mtakatifu, na mtakatifu huyo, bahati mbaya, ana jina lile lile la mama yake Rosine. Programu mia mbili zimetoka zimeandikwa Kwaya ya Mtakatifu Bokilo.

Aliniuliza mtakatifu huyo sikukuu yake ni lini. Aliniuliza mbele ya wateja.

Nikamwambia ni virusi. Virusi vya kompyuta, Mama, vimeingia mji mzima. Akauliza virusi gani vinajua Lingala. Nikaahidi kuchapa upya, na kuiondolea kompyuta lile agizo leo leo. Nilikuwa naanza kuliondoa umeme ukakatika. Uliporudi nilikuwa nimesahau nilikuwa nataka kufanya nini.

Barua ya Papy imefika mkononi mwake saa saba mchana. Nimethibitisha.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Papy dukani kwangu! Kuna maduka ya fotokopi barabara nzima, yeye amechagua la shemeji yake mtarajiwa. Anataka nakala ya barua. Barua ipi? Ile ile!

Nikaipokea kwa vidole viwili. Nikajifanya sijawahi kuiona. Nikampongeza kwa mwaliko mkubwa hivyo. Nikamwambia Ubundu wana mikutano mizuri. Nakala ikatoka na mistari miwili myeusi, mmoja wa barua, mmoja wa mashine. Papy akaitazama. Akatazama barua. Akatazama mashine. Akatazama na bango la bei ukutani, ambalo pia nimelichapa mimi. Kisha akacheka, akanipiga bega, akasema, "Merci, Jephté, kazi yako inajulikana." Akaondoka.

Kazi yangu inajulikana! Hata adui anakiri. Safari njema ya Ubundu, ndugu yangu.

Mchana Mahmoudi kapiga simu. Menyu imeleta watu. Wote wanaagiza Bokilo. Wanakaa mezani wanaita: Bokilo moja hapa! Bokilo mbili za kubeba! Mzee mmoja aliagiza Bokilo akala peke yake huku machozi yanamtoka kwa kucheka, akasema amengoja siku hii miaka thelathini. Mahmoudi anasema hataibadilisha menyu hata nikimlipa.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Oda. Nimempigia Mahmoudi. Akauliza nane zote ni za aina gani. Nikasema nataka ya kuku, ya soseji, ya uyoga. Akasema kuku hakuna, soseji imekwisha, uyoga haujafika, lakini ile ya kwanza ipo tele. Nikakubali. Ipi, akauliza kwa uchokozi, itaje tuandike. Nikasema ile ya kwanza. Akasema hasikii. Nikasema ile ya nyanya. Zote zina nyanya, akasema. Basi nikapiga kelele katikati ya barabara: Bokilo! Bokilo nane, kubwa, moto! Watu wakageuka.

Pikipiki ya Mahmoudi ipo gereji. Zitakuja kwa toleka. Nikauliza baiskeli itabebaje pizza nane. Akasema mwenye toleka amebeba godoro, amebeba mbuzi, amebeba bibi harusi, pizza ni nini.

Rosine amekuja jioni. Amekaa kwenye kiti cha wateja, hakutabasamu. Akaniambia amechoka. Akasema wenzake wote wameolewa, na kila Jumapili kanisani wanamuuliza habari za mtu wa fotokopi. Akaniomba jambo moja tu, kesho nisifanye ujanja wowote. "Leta chakula, kaa, nyamaza."

Iliniuma. Nampenda huyu mwanamke, sijui kusema vizuri, lakini nampenda. Nikamwapia kwamba hakuna ujanja wowote. Ulikuwa ukweli, ujanja nilishaumaliza Jumatano.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Nimekwisha. Nimepona. Sijui. Niandike kwa utaratibu.

Saa sita mchana nimefika Mangobo, shati jeupe, viatu vya kuazima. Familia yote uani chini ya hema la turubai. Papa Édouard, baba yake Rosine, kwenye kiti kikubwa. Bokilo mwenyewe pembeni yake, kitambaa kipya kichwani. Na nani yuko kulia kwake? Papy! Na capitaine mezani, amelala toka ukingo hadi ukingo!

Nikamuuliza mkutano wa Ubundu vipi. Akasema umeahirishwa. Inawezekanaje? Mwenyekiti ni mimi!

Toleka ikaingia. Masanduku nane yamefungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma, yamesimama wima kama vitabu. Njia ya Mangobo ina mashimo. Nikaona mambo si mazuri.

Bokilo akaniuliza huyu aliyeleta chakula ni nani. Nikamuuliza yule bwana jina lake, kisha nikamjibu, "Sikujua, Mama." Akasema mtu analeta chakula kwenye nyumba yake na mimi sijui ni nani? Nikasema ndiyo, Sikujua. Yule bwana akaingilia kati, "Ni miye, Mama. Miye niko Sikujua." Bokilo akasema wawili wasiojua kitu, nani katuletea hawa. Ilichukua muda.

Sanduku la kwanza likafunguliwa. Jibini yote imehamia upande mmoja, imejikusanya chini. Upande wa pili ni mkate mtupu mwekundu. Papa Édouard akatazama sanduku, akatazama chakula. "Sanduku iko na pembe ine," akasema, "chakula haina hata moja. Pembe zake nani alikula?" Wote wakamtazama Sikujua. Akaapa kwa mama yake.

Lakini wakaonja. Na wakapenda! Papa akachukua kipande cha pili. Chantal akachukua cha tatu. Hata Bokilo alikula polepole, akatikisa kichwa, akasema iko bien. Rosine alinitazama toka upande wa pili wa meza, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima. Ningenyamaza hapo. Nilinyamaza! Siyo mimi niliyesema!

Mahmoudi, kwa wema wake, alikuwa amebandika menyu juu ya kila sanduku. Papy akabandua moja, akasimama, akakohoa, akasoma kwa sauti ya mwalimu. "Bokilo. Iko ya bei ya chini kupita zote."

Papa Édouard akageuza kichwa.

"Iko munene, ya kuzunguka."

Chantal aliacha kutafuna. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika Kiswahili chetu "iko" ni ya mtu na ni ya kitu, hakuna tofauti. Nilikuwa mtu wa mwisho kuelewa katika mji mzima. Papy akaendelea bila haraka: haina nyama, chumvi mingi, inakatwa vipande munane. Alipofika pa kurudishwa ku moto, Bokilo aliweka kipande chake chini.

"Jephté," akasema taratibu. "Miye niko ya bei ya chini?"

Nikasema menyu si yangu. Ni ya Mahmoudi, sijui nani aliichapa. Papy akatoa barua ya Ubundu mfukoni, akailaza mezani kando ya menyu. Mstari mweusi hapa, mstari mweusi pale. Papa Édouard akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye mmoja, kisha kwenye mwingine. Akavua miwani.

Bokilo akauliza nina nini moyoni mpaka nimuuze vipande vipande Makiso.  Hakuwa na hasira, alikuwa ameumia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema miaka minne alinitetea mbele ya ndugu zake. Sikujua hilo. (Mimi, siyo yule wa toleka.)

Ningeeleza! Ningeeleza kwa neno moja! Lakini neno lenyewe ndilo siwezi kulisema! Nikasema, Mama, hii pizza ina jina la mtu. La nani, akauliza. La mtu ninayemheshimu. Nani? Ni jina la ua, nikasema. Ua gani? Jeupe, katikati njano. Nikachora ua hewani kwa kidole. Papa Édouard akamwuliza Chantal kama nimekunywa. Jasho linatiririka. Nikaonyesha pizza, nikamwonyesha yeye, nikaonyesha mdomo wangu, nikauziba kwa mikono miwili. Mjomba mmoja akaanza kukusanya viti.

Rosine akasimama, ua langu amelielewa. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akamwambia mama yake kwamba pizza hii, dunia nzima, inaitwa kwa jina lake. Yeye ni mtoto, anaweza kulisema, akalisema. Kwamba Jephté alipewa kuliandika na hakuweza. Kwamba ndiyo maana akaweka Bokilo.

 Na hapo Papy, mdomo umejaa jibini, akacheka kwa nguvu, "Alors, kumbe toka saa ile tunakula Maman Marg...!"

Mimi siandiki. Yeye alilimaliza lote. Mbele ya wazee! Akitafuna!

Papa Édouard alipiga meza mpaka capitaine akaruka. Miaka kumi ameoa kwenye nyumba hii, akanguruma, na leo anamtaja mama mkwe wake kwa mdomo uliojaa? Papy akajaribu kumeza. Haikupita. Chantal alimpiga mgongoni, nadhani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Amepigwa faini ya mbuzi, dume, si jike.

Kisha Bokilo akanigeukia. Akaniuliza kama ni kweli sikuweza hata kuliandika. Nikasema hata kwa kidole kimoja, Mama. Hata kwenye daftari langu la siri.  Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Akachukua kipande chake, akakirudia.

"Huyu mutoto iko na heshima," akasema. "Akili hana. Heshima iko nayo."

Wamekubali! Wamekubali! Kwa ajili ya barua ya Ubundu nimehukumiwa kumchapia Papy tiketi zote za mashua yake mpaka nife. Sawa! Nitachapa! Rosine alinisindikiza mpaka barabarani mchana kweupe, mkono wangu ameushika, majirani wanatazama.  

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba

Harusi tarehe 30 Novemba. Kadi mia tatu, na nani anazichapa? Mimi!

Juzi Papa Édouard alinivuta pembeni. Akalalamika kwa sauti ndogo kwamba mke wake ana heshima, mji mzima unajua, na yeye je? Jina lake linarushwa ovyo kama la mtu wa sokoni. Ana haki. Nimeona aibu. Hata humu nimelitaja kila ukurasa.

Kwa hiyo leo nimeiongezea kompyuta agizo la pili. Ikikutana na Édouard, iandike Bokilo pia. Agizo la kwanza nimeliacha palepale. Limeniletea mke, niliondoe kwa sababu gani?

Rosine ameleta maneno ya kadi kwenye flashi, yamepangwa vizuri. Majina ya wazazi. Misa itaongozwa na padre wa parokia, Abbé Édouard. Nyimbo za kwaya ya Mama Benie, ambaye nimembembeleza wiki nzima mpaka akakubali kuimba, kwa sharti kwamba safari hii jina la mtakatifu wake liandikwe vizuri. Nikamwapia. Nikaingiza flashi, nikabonyeza mara moja. Mia tatu zimetoka, bado zina joto, na mstari wake mweusi wa urembo. Sijazisoma. Maneno ni ya Rosine, na Rosine hakosei.

Papy amepita kuchukua tiketi zake. Tumepatana kabisa. Amejitolea kuzigawa kadi zote kwa mashua, kila kijiji mpaka Yanonge. Akasoma moja hapo hapo dukani, akacheka mpaka akashika ukuta, akaniambia nisibadilishe hata herufi moja. Kumbe muda wote huu nilimdhania vibaya. Ana roho nzuri sana.